Tupeni mahali pa kupeleka kesi za nyumba: barua ya wazi kutoka Zimmerman

Kwa Waziri anayehusika na nyumba, Kamati ya Nyumba ya Bunge la Taifa, Jaji Mkuu, na Gavana wa Nairobi

Waheshimiwa,

Mimi ni mwenye nyumba. Ploti yangu iko huku Zimmerman, mtaa wa Nairobi, imejengwa kwa mkopo ambao bado naulipa. Chini kuna maduka, juu kuna bedsita (chumba kimoja cha kuishi na kulala) na nyumba chache za chumba kimoja cha kulala. Naishi kwa kodi ya nyumba na sioni haya kuidai, kwa sababu dawa ya deni ni kulipa. Lakini nawaandikia kwa uchungu. Kila mwezi, tarehe 5 ikishapita, mitaa ya Nairobi hugeuka uwanja wa mechi isiyo na refa. Kuanzia Pipeline hadi Kangemi, Kayole hadi Githurai, habari ni ile ile: kufuli mlangoni, stima imekatwa, mpangaji ametoroka usiku, dipositi haijarudi.

Ombi langu nalitaja mapema lisije likapotea katika maneno mengi. Tupeni sheria moja ya nyumba za kukaa inayomfikia kila mpangaji na kila mwenye nyumba, na baraza lililo karibu nasi la kuamua mizozo hiyo upesi.

Nianze na nyumba yangu mwenyewe.

Chini kuna kinyozi. Hatuna mkataba wa maandishi mimi na yeye. Tulikubaliana kwa mdomo, na kila mwezi hunitumia kodi kwa M-Pesa. Hata hivyo sheria inamlinda. Sheria ya nyumba za biashara, Sura ya 301, ipo tangu 1965, na kwa kuwa hatukuandikiana, kinyozi huyu anahesabiwa kuwa mpangaji anayelindwa. Nikitaka kumwongezea kodi au kumtoa, ni lazima nimpe notisi ya maandishi kwa fomu iliyowekwa na sheria, isiyopungua miezi miwili. Asiporidhika anapeleka shauri kwenye baraza la kodi za nyumba za biashara, na notisi yangu inasitishwa mpaka shauri liamuliwe. Nilipoisoma sheria hiyo mara ya kwanza niliiona kali. Siku hizi naiheshimu, maana inatupa sote wawili mahali pa kusemea.

Sasa pandeni ngazi. Juu ya kinyozi anakaa mama na watoto wawili, analipa shilingi 11,000. Kwenye vitabu iko sheria ya watu kama yeye: Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296. Ina mambo mazuri. Inamkataza mwenye nyumba kumsumbua mpangaji kwa nia ya kumfukuza, na haimruhusu amtoe bila amri. Ila imewekewa kikomo. Inahusu nyumba ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kodi hiyo bado inapimwa kwa kuangalia nyumba ilikuwa imepangishwa kwa kiasi gani tarehe 1 Januari 1981. Wengi wa wapangaji wangu hawakuwa wamezaliwa wakati huo. Leo, mjini humu, 2,500 ni kodi ya chumba cha mabati Mathare au Mukuru, tena kwa aliyebahatika.

Kwa hiyo kinyozi mwenye viti viwili na mashine ana baraza lake, na mama anayelala juu ya duka lake hana. Kilichobaki kwake ni korti, yenye ada ya kufungua kesi, tarehe zinazosogezwa na mara nyingi wakili. Ni nani atakayetumia makumi ya maelfu kugombania shilingi 11,000? Na akikosea yeye, mimi nami naelekezwa mlango huo huo, na kwangu pia hesabu haitoki. Hapo ndipo kufuli inapoingia.

Mwaka jana niliyaona haya katika ploti ya jirani. Mpangaji alikuwa mama anayeuza mboga, ana mtoto wa darasa la mtihani. Alikuwa na deni la mwezi mmoja na nusu. Asubuhi keateka, yaani msimamizi wa ploti, alikuja na spana, akang'oa mlango wa chuma kwenye bawaba zake, akaupandisha juu ya paa akauegemeza kwenye tangi la maji. Hakuchukua kitu kingine. Mama aliporudi kutoka sokoni alikuta chumba kiko wazi, pazia linapeperuka, na majirani wameketi kwa zamu kizingitini wakilinda mtungi wa gesi na vitabu vya mtoto. Alizunguka ofisi za serikali kutwa nzima. Kila alipofika aliambiwa hayo ni mambo yake na mwenye nyumba wake. Usiku walilala kwa jirani.

Mwenye ploti hiyo namjua. Ni mtu wa kanisani, na deni alilodai lilikuwa la kweli. Nilipomuuliza kwa nini hakufuata sheria, aliniuliza, "Sheria ipi?" Ipo. Sura ya 293 inamruhusu mwenye nyumba kukamata mali ya mpangaji kwa ajili ya kodi isiyolipwa, lakini kazi hiyo hufanywa na dalali aliye na leseni, kwa orodha ya mali na kwa notisi. Haifanywi na keateka kwa spana. Kufunga nyumba kwa kufuli, kukata maji, kukata stima, kung'oa mlango au mabati, yote hayo ni kujichukulia sheria mkononi, na mahakama zetu zimeyakemea zaidi ya mara moja. Kwamba mtu anadaiwa hakumfanyi asiwe na nyumba. Chumba alicholipia ni makao yake, na Katiba, kifungu cha 31, inalinda faragha ya makao ya kila mtu, awe amepanga au amejenga.

Nawaambia haya wenye nyumba wenzangu kila tunapokutana. Wananisikiliza kwa adabu, kisha wananiuliza swali ambalo ni ninyi tu mnaoweza kulijibu: "Sasa tufanye nini?"

Kwa sababu upande wetu nao una machungu yake, na sitaki myapite haraka. Kuna kijana aliyekaa kwangu vizuri, kisha akaacha kulipa. Mwezi wa kwanza alisema kazi imeisha, nikamwelewa. Wa pili alinionyesha ujumbe wa mwajiri mpya. Wa tatu hakushika simu. Wiki chache baadaye wenzake waliniambia aliondoka usiku wa Jumamosi kwa bodaboda, mizigo miwili. Mlangoni aliacha kufuli yake. Dirishani ungeona godoro, jiko la gesi na viatu. Wakili niliyemuuliza alinishauri nisivunje bila amri ya korti, kwa kuwa kijana angeweza kurudi kesho adai nimemwibia televisheni. Ushauri ulikuwa sawa. Lakini chumba kilikaa kimefungwa kwa kufuli isiyo yangu huku watu wakija kuulizia nafasi, na mkopo wangu haukungoja hata siku moja.

Sheria ya Ardhi ya 2012 inatambua haki zetu. Kodi ilipwe kwa wakati. Nyumba irudishwe katika hali iliyochukuliwa, ukiacha uchakavu wa kawaida. Tukitoa taarifa mapema, turuhusiwe kuingia kwa saa zinazofaa tukague. Kwa upangaji wa mwezi kwa mwezi, yeyote anayetaka kuumaliza atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja, mimi kwa mpangaji na mpangaji kwangu. Haki zimeandikwa vizuri kabisa. Kinachokosekana ni mtu wa kuzitekeleza kabla deni la miezi miwili halijafika saba.

Na serikali inatujua. Tangu Januari 2024, sisi ambao mapato yetu ya kodi ni kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka tunatozwa ushuru wa asilimia 7.5 ya kodi yote tunayopokea, bila kupunguza gharama ya fundi wala ya rangi. Zamani ilikuwa asilimia 10. Naulipa kabla ya tarehe 20 ya kila mwezi na sinung'uniki, barabara na zahanati hazijijengi. Lakini dola inayojua ploti yangu inaingiza ngapi inaweza pia kuniwekea meza ya kusikilizwa.

Nije kwenye dipositi, maana hapa ndipo uhusiano mwingi wa miaka unapoharibikia.

Mpangaji anapoingia hutoa kodi ya mwezi mmoja na dipositi ya mwezi mmoja, wakati mwingine miwili. Kwa nyumba kama zangu hakuna kifungu kinachosema pesa hiyo iwekwe wapi, irudishwe baada ya siku ngapi, ikatwe kwa sababu zipi na kwa ushahidi gani. Wengi wetu tukiipokea tunalipia saruji au karo siku hiyo hiyo. Mpangaji akihama anaambiwa, "Ngoja mwingine aingie, nitakulipa kutokana na yake." Au anaambiwa yote imeishia kwenye rangi. Amekaa miaka minne, ukuta umefifia kama ukuta wowote unavyofifia, na anatozwa rangi ya nyumba nzima. Hiyo si haki, na sheria yenyewe inasema uchakavu wa kawaida haumhusu.

Wapangaji nao wamejifunza. Anayejua hatarudishiwa chochote anakataa kulipa mwezi wa mwisho, anakalia dipositi yake. Sasa akiondoka na sinki imepasuka, swichi zimeng'olewa na bili ya maji haijalipwa, hakuna pesa ya kutengeneza. Mwenye nyumba aliyetapeliwa hivyo anaamua kwamba atakayefuata atatoa dipositi ya miezi miwili. Anayeumia ni msichana aliyeajiriwa jana, anayetafuta bedsita yake ya kwanza na hana shilingi 33,000 za kuanzia.

Kwangu nimefanya hivi. Siku ya kuingia tunazunguka chumba pamoja, mimi na mpangaji, na daftari. Bomba la sinki: linafunga. Kioo cha dirisha la choo: kina ufa kwenye kona. Soketi: mbili, zote zinafanya kazi. Bafu: vigae vizima, shawa ya maji moto ipo. Funguo: mbili. Tunapiga picha kwa simu yake na kwa yangu, tunatia sahihi wote wawili. Siku ya kuhama tunarudia mzunguko ule ule na ukurasa ule ule. Kinachokatwa kina risiti ya fundi. Ugomvi umepungua mno, hata na wale ambao hatukupendana. Kazi hiyo inachukua muda wa kunywa chai tu. Ninyi mnaweza kuifanya fomu moja ya taifa zima, kwa Kiswahili chepesi, mkaamuru kwamba asiye na fomu hiyo hawezi kukata hata shilingi kwenye dipositi ya mtu.

Kuhusu ukarabati nitasema kwa ufupi kwa sababu sheria iko wazi. Kifungu cha 65 cha Sheria ya Ardhi kinatutaka tuhakikishe nyumba inafaa kukaliwa siku inapopangishwa na siku zote mpangaji akiwemo, na katika jengo la wapangaji wengi, paa, kuta za nje, mifereji mikuu na sehemu za pamoja ni juu yetu. Maji taka yakifurika kwenye korido, hilo ni jukumu la mwenye nyumba, na haliwi la wapangaji kwa kuwa keateka amewaambia wachange. Balbu na bomba alilovunja mpangaji ni lake. Watu wa Nairobi wanajua jengo lililopuuzwa linaweza kufanya nini. Aprili 2016, Huruma, orofa sita ziliwaangukia wapangaji usiku wa mvua na karibu watu 50 wakafa, katika jengo ambalo lilikuwa tayari limetajwa kuwa si salama. Waliofia mle walikuwa wamelipa kodi. Mheshimiwa Gavana, alama ya rangi nyekundu ya jengo hatari, ikichorwa ukutani, haimhamishi mtu. Anayeambiwa ahame apewe muda, na aamriwe kurudishiwa dipositi yake ili awe na cha kuhamia.

Kodi kupanda nako kuna namna yake. Sipingi kodi kupanda. Bei ya kila kitu imepanda. Lakini ujumbe wa simu tarehe 28 kwamba kuanzia tarehe 1 ni 2,000 zaidi, huo ni ubabe, na mpangaji hana pa kuuliza kama ni halali.

Halafu maajenti. Iko sheria, Sura ya 533, inayotaka kila wakala wa nyumba asajiliwe. Tembeeni mitaani mhesabu mabango yenye nambari ya simu na maneno "nyumba inapangishwa", kisha muulize wangapi wamesajiliwa. Wanatoza vijana pesa ya kuonyeshwa nyumba ambayo tayari ina mtu, na lawama zinamfikia mwenye nyumba ambaye hawajawahi kukutana naye. Hili halihitaji sheria mpya hata moja.

Najua mtasema Bunge limejaribu. Ni kweli. Mswada wa wenye nyumba na wapangaji uliandikwa 2007 haukufika popote. Mwingine ukaja 2021, wenye nia ya kuziunganisha Sura za 293, 296 na 301 kuwa sheria moja. Nao haukuwa sheria. Baadhi ya wenye nyumba waliupinga wakisema unampendelea mpangaji. Mimi naona walikosea. Sheria iliyo wazi inamlinda zaidi mwenye ploti ndogo kuliko mtu mwingine yeyote. Tajiri mwenye majengo kumi ana wakili na dalali kwenye simu yake. Mimi na yule jirani yangu tuna keateka na kufuli.

Mtasema pia kwamba serikali inajenga nyumba za bei nafuu, na mishahara ya watu inakatwa asilimia 1.5 kwa kazi hiyo. Zijengwe, nami nazitakia heri. Lakini mji huu ulihesabiwa kuwa na watu 4,397,073 katika sensa ya 2019, na wengi mno miongoni mwao ni wapangaji. Hata nyumba hizo zikamalizika zote, mtoto wa yule mama wa mboga atafanya mtihani wake akiwa katika chumba cha kupanga. Kifungu cha 43 cha Katiba kinachotaja haki ya kila mtu kupata makao ya kutosha kinamhusu hata akiwa huko.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Waziri, ondoa hicho kikomo cha 2,500. Usikipandishe hadi 15,000 halafu ukakisahau kwa miaka arobaini mingine. Kiondoe kabisa, au kifungwe na kipimo kinachobadilika kila mwaka. Mheshimiwa Jaji Mkuu, baraza likae karibu na watu: Huduma Centre, vituo vya huduma za serikali, za Makadara, Eastleigh na Kibra tayari zina viti, kompyuta na foleni inayosonga, na chumba kimoja kwa siku mbili za wiki kingetosha kuanzia. Mtu aingie na mkataba wake, taarifa ya M-Pesa na picha za simu, bila wakili, aeleze kwa Kiswahili. Kesi ya dipositi iamuliwe siku hiyo hiyo. Kesi ya mpangaji asiyelipa isipite siku 30 toka kufunguliwa, na hakimu awe na uwezo wa kumpa mtu aliyepoteza kazi mpango wa kulipa kidogo kidogo. Wengi wanaodaiwa wanataka kulipa, wanachokosa ni muda uliothibitishwa kwa maandishi. Chumba kilichoachwa na kufuli kifunguliwe mbele ya shahidi wa baraza, vitu viorodheshwe na vihifadhiwe kwa muda maalum. Na anayeng'oa mlango wa mtu, au kumkatia maji na stima ili ahame, alipe faini inayouma na arudishe mlango siku hiyo hiyo.

Waheshimiwa wabunge, kazi kubwa ya kuandika ilishafanywa. Utoeni mswada kabatini, muurekebishe, muulete tena. Mkiitisha vikao vya kutoa maoni, tafadhali visiwe saa nne asubuhi siku ya Jumanne katika hoteli ya katikati ya mji. Wapangaji wako kazini saa hizo, na keateka hawezi kuacha geti. Waiteni Jumamosi alasiri, katika uwanja wa shule, Zimmerman, Pipeline, Kawangware. Nitakuwepo, na nitawaomba wapangaji wangu waje pia, wakiwemo wale tusioelewana.

Wenu,
Mwenye ploti, Zimmerman, Nairobi